Mapua Hakualikwa Kupendwa

“Rudia! Weka dharau zaidi. Wewe ni mrembo, unamkejeli mwenzako aliyeachwa,” bosi alifoka kwenye spika.

Sauti, ndivyo walivyomwita studio nzima, alibaki ameganda kwenye chumba cha kurekodia. Miezi mitatu alikuwa anaisemea katuni ile, sauti ya Mrembo, bibi harusi mwenye kiuno cha kushika kwa kiganja kimoja. Leo ndiyo kwanza anaonyeshwa picha za Mapua, mchumba anayeachwa mlangoni ili watu wacheke.

Jamani, Mapua alikuwa yeye! Pua ile pana ni yake. Mwanya ni wake. Hata kule kuziba mdomo akicheka ni kwake, alikoanza shuleni walipokuwa wanamtania.

Na aliyemchora alikaa upande wa pili wa kioo: mchumba wake, ambaye wazee wake walikuwa waje Jumamosi kuleta posa. Kila jioni alimkalisha dirishani. “Tulia mpenzi, geuka kidogo.” Naye alitulia, akijua anachorwa bibi harusi.

“Sauti, twende!”

Akasogelea maikrofoni, akasema: “Nani akuoe wewe na pua hiyo? Shela lenyewe halitoshi!”

Studio ikaangua kicheko. Mchoraji naye akacheka.

Sauti akavua hedifoni, akatoka. Mchoraji akamfuata koridoni.

“Yule ni mimi?”

“Mpenzi, ni katuni tu.”

“Nimekuuliza, yule ni mimi?”

“Sikiliza. Katuni zina utaratibu wake. Anayependwa anakuwa na macho makubwa na kipua kidogo. Anayeachwa lazima achekeshe. Vinginevyo watoto watajuaje nani wa kupendwa?”

“Ulianza kunichora lini?”

Akajikuna shingo.

“Lini?”

“Siku ile ya kwanza, tukisubiri lifti. Nilikuwa natafuta sura ya Mapua… Lakini baadaye nilikupenda kweli, haki ya Mungu!”

“Ulinipenda kabla ya kuichora pua, au baada?”

Mchoraji akageuka kutazama mlango wa studio.

“Kama unanipenda, mfute.”

“Nitamfuta. Niamini.”

Sauti alirudi kwake, akajifungia, akalia mpaka kwikwi. Na bado alikuwa anaiangalia simu, anasubiri. Moyo hauna haya, nyie!

Saa kumi jioni ujumbe ukaingia, na picha.

“Nimemrekebisha, mpenzi. Bosi amekubali. Ona ulivyo mzuri sasa! Jumamosi iko pale pale.”

Akaikuza picha. Pua imebaki kama punje ya mchele. Mwanya umezibwa. Mashavu yamekatwa, macho yamevimbishwa mpaka karibu na masikio. Alijitafuta mle ndani, hakujiona popote.

Hakumjibu. Akampigia mama yake.

“Mama, waambie wale wageni wasije.”

“Heh! Kakukataa?”

“Hapana. Ananitaka.”

“Sasa tatizo nini, mwanangu? Watu tumeshaandaa!”

“Alinichora kinyago cha kuchekwa, mama. Nikamwambia afute. Kafuta pua yangu, kafuta mwanya, kaniletea mwanamke mwingine, ananiambia sasa ndiyo mzuri.”

Kule kwenye simu, mama mtu akasikika akivuta kiti.

“Pua hiyo umeichukua kwangu,” akasema taratibu. “Basi, wasije.”