Kavira Achagua Moteri

Kila asubuhi kabla ya kengele, Kavira Vahwere alimfunga mdogo wake Fanny kamba za viatu, akamburuta kwa mkono kupitia matope ya mtaa wa Bigo, akamwacha kwenye foleni ya darasa la kwanza. Darasa hilo lilikuwa limejaa hadi watoto wakapumua kwa zamu, maana familia nyingi za vijiji vya Djugu zilikuwa zimekimbilia mjini wakati wa vita, zikingoja kuona kama utulivu wa sasa utadumu. Kavira mwenyewe, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, alikimbilia chumba cha kompyuta.

Humo mlikuwa na kompyuta sita. Mwalimu Anselme alikuwa ameziwekea kivinjari huria, yaani programu ya kufungulia kurasa za mtandao ambayo yeyote anaruhusiwa kuichungulia ndani, kuona ilivyotengenezwa na kuibadilisha apendavyo.

"Lakini kivinjari peke yake hakijui kitu," alisema. "Ukiandika swali, kinalipeleka kwa moteri ya kutafuta, ile mashine ya mtandaoni inayosaka majibu. Siye ndio tutachagua moteri gani ijibu ya kwanza kila siku. Kavira, Osée, mujaribu hizi tatu: Nyuki, Kiona na Chap. Maswali kumi kwa kila moja. Musome majibu mpaka mwisho, ndipo muandike."

Osée alisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Kavira alimtazama kama mtu anavyotazama chai yenye nzi.

"Weye unasoma sawa muzee anatafuta meno yake!"

"Na weye unasoma sawa kuku," Osée akajibu. "Macho huku, mudomo kule."

Basi wakagawana. Osée akachukua Nyuki na Kiona, Kavira akachukua Chap. Chap ilikuwa na rangi za kumetameta na kasuku aliyecheza dansi kila ulipomgusa. Kavira alimgusa wiki nzima. Siku ya mwisho akaandika kwenye daftari "Vizuri sana" mara kumi bila kuinua kalamu, wala hakuwa amesoma hata jibu moja. Darasa likaliamini daftari, likaichagua Chap, na Mwalimu Anselme akaiweka katika kompyuta zote sita.

Ijumaa iliyofuata, Mama Monique, mwangalizi wa afya wa shule, alikuwa anatayarisha pipa la maji. Wanafunzi walikuwa wamelijaza kwa madumu kutoka chemchemi, na kipindupindu kilikuwa kimeanza kutajwa mjini. Kabla hajaweka dawa, mkurugenzi wa shule akamwita, naye akamgeukia Kavira.

"Kavira, tafuta kwa kompyuta kipimo cha dawa ya maji. Uningojee, nikirudi tutatia pamoja."

Kavira aliandika kwa haraka: *dawa ya maji ya kunya*. Herufi w ilikuwa imeanguka njiani. Sasa, kunywa ni kazi ya mdomo. Kunya ni kazi ya upande wa pili. Chap haikuuliza lolote. Ilileta mbele tangazo la mfanyabiashara aliyelipia kutangulia: kopo la kijani, na chini yake maneno "kifuniko kimoja kwa pipa moja la maji". Kopo kama hilo lilikuwa kwenye stoo ya mifagio! Kavira hakumngoja mtu. Alilichukua, akamimina, akakoroga kwa fimbo.

Maji yakageuka kijani cha kamasi na kutoa povu. Kisha harufu ikapanda. Mbuzi wa jirani, aliyewahi kula soksi za mwanajeshi bila kulalamika, aliruka ua akakimbia kuelekea Mahagi, na wapo wanaoapa kwamba hajarudi mpaka leo.

Kavira alirudi kwenye kompyuta akiwa ameziba pua, akasoma yale aliyoyaruka. Pale palikuwa na picha ya shimo la choo, funza wakijinyonganyonga juu ya uchafu. "Changanya, kisha mwaga shimoni. Huua funza na kuondoa harufu. Ni sumu. Isifike mdomoni." Akatoka mbio kurudi kwenye pipa.

Kengele ikalia. Darasa la kwanza likamwagika uani na vikombe, kiu ikiwashinda hata harufu. Fanny alikuwa mbele, na kikombe chake kilikuwa tayari kimejaa.

"Fanny, mwaga!"

"Yaya, niko na kiu," Fanny akamwambia dada yake.

Kavira alikipiga kikombe kikaruka. Akabamiza mfuniko wa pipa, akapanda, akaukalia.

"Shuka! Bibi wa pipa! Juu ya nini unatunyima maji?" watoto wakapiga kelele.

Mama Monique akaja mbio, Mwalimu Anselme nyuma yake, pua zimekunjamana. "Kavira, iko nini humu?"

Angeweza kumsingizia mbuzi. Mbuzi hakuwepo kujitetea. Kavira akamtazama Fanny.

"Ni miye, Mama. Nilitia dawa ya choo. Sikusoma. Na Chap vilevile sikuisoma, Mwalimu. Nilicheza na kasuku, nikaandika uongo."

Mwalimu Anselme alifungua daftari, akatazama zile "Vizuri sana" kumi kana kwamba kila moja ilikuwa na funza. Akalifunga, akamrudishia. Kavira aliona afadhali angemgombeza.

Maji yale yakamwagwa chooni, mahali pake. Pipa likawekwa kando, lisitiwe tena maji ya kunywa. Kavira alinawa kwa sabuni mpaka vidole vikakunjamana, kisha akachota maji mapya madumu manane. Osée, bila kuombwa, alibeba mawili.

Jumatatu walijaribu upya, wakaandika *maji ya kunya* kwa makusudi. Chap ikaleta choo. Nyuki ikanyamaza. Kiona ikauliza: "Je, ulitaka kusema maji ya kunywa?" Walisoma majibu yote hadi mstari wa mwisho, kisha darasa likachagua Kiona, na Mwalimu Anselme akaibadilisha haraka kuliko mtu anavyopiga chafya.

"Ao sasa hatutasoma tena, kwa kuwa hii iko nzuri?" akauliza Fanny mlangoni.

Mama Monique, aliyekuja kushuhudia jaribio, akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Apana, mutoto wangu. Hata hii nzuri haina tumbo; ikikosea, haiumwi. Wenye matumbo ni siye. Kwa hiyo soma mpaka mwisho, na kama haukusoma, sema mapema: sikusoma. Dada yako alichelewa kulisema, lakini alilisema weye ukiwa haujakunywa."