Upinde Uliopakwa Samli

Asubuhi ya Theopista ilianza kwa ufagio. Bibi yake, Ma Renatha, akiwa bado anamalizia rozari, yeye alikuwa ameshafagia majani makavu ya migomba uani, ameshawapa mbuzi maganda ya ndizi, na maji ya chai yanachemka.

"Umepiga mswaki?" Bibi aliuliza akiitundika rozari msumarini.

"Ndiyo, Bibi."

"Umesali?"

"Nitasali njiani."

"Njiani kuna bodaboda na mbwa wa jirani yetu Ta Rutaihwa. Sali hapa hapa, Mungu akusikie vizuri."

Theopista alisali. Bibi akamchora msalaba kwenye paji la uso, kama alivyofanya kila siku tangu mtoto huyo alipoanza darasa la kwanza. Sasa alikuwa darasa la sita, na bado aliinamisha kichwa bila kuambiwa.

Ukutani, juu ya kiti cha marehemu babu yake, ilining'inia enanga. Ni chombo cha ubao uliochongwa kama hori dogo, na nyuzi zake zimetandazwa juu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Babu aliipiga kwenye harusi nyingi kuanzia Rubya hadi Muleba mjini. Tangu afariki hakuna aliyeipiga, lakini Bibi hakuiacha ikawa mkiwa. Kila Jumamosi jioni, nyasi mpya zikishatandikwa sebuleni kwa ajili ya Jumapili, aliishusha, akachovya kitambaa kwenye kikopo cha samli, akaipaka ubao na nyuzi polepole. "Chombo cha muziki ni kama ngozi ya mtu," alikuwa akisema. "Ukikiacha kikauke, kinapasuka." Theopista ndiye aliyemshikia kikopo.

Juma hilo kulikuwa na jambo jipya shuleni. Wanamuziki wanne walikuwa wamekuja kutoka Dar es Salaam kufundisha kwa siku chache. Wawili walipiga fidla, mmoja alipiga fidla kubwa kidogo yenye sauti nzito, na Mwalimu Maulida alipiga selo, ambayo ukiiona mara ya kwanza unadhani ni fidla iliyokula ikavimbiwa. Jumamosi wangepiga muziki mbele ya watu kwenye ukumbi mmoja mjini Bukoba, na wanafunzi wawili wa shule hiyo wangepiga pamoja nao. Waliochaguliwa walikuwa Theopista na Datius, mvulana wa darasa lake.

Theopista hakuwepo Jumatatu wageni walipofika. Siku hiyo alimpeleka Bibi hospitali ya Rubya kuangaliwa macho. Alipokuja Jumanne akakuta wenzake wanajua kushika fidla na wanajua majina ya kila kitu. Aliona haya kuuliza yaliyopita. Akatazama, akaiga, na kwa kuwa masikio yake yalikuwa mepesi, kufikia Jumatano alikuwa amewapita wengi.

"Sista Theopista," Datius alimtania, maana alipenda kumwita mtawa kwa jinsi alivyokuwa nadhifu, "hiyo fidla unaipiga au unaibariki?"

"Wewe piga yako. Inalia kama mbuzi aliyesahaulika mvuani."

Mwalimu Yunus, mpiga fidla wa kwanza, alicheka hadi akaweka chini upinde, ule ufito wenye singa anaosugulia nyuzi. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye subira ya kushangaza. Theopista alipokosa sauti ile ile kwa mara nyingi, hakufoka. Alikuja akasimama kando yake, akaipiga naye taratibu, mpaka vidole vya mtoto vikapata mahali pake.

"Sisi wanne hatuna mtu wa kusimama mbele na kutuongoza," aliwaambia darasa siku hiyo. "Tunaongozana kwa macho na kwa pumzi. Ndiyo maana kwenye muziki wetu hakuna pa kujificha. Ukikosea, kubali upesi, urudi kwa wenzako. Ukijifanya hukukosea, sote tunapotea."

Theopista aliyapenda maneno hayo. Hakujua kwamba yangemfuata.

Alhamisi baada ya masomo, Mwalimu Yunus alimpa kazi ya kupangusa vyombo. "Nakuamini wewe kwa usafi," alisema. "Pangusa mbao kwa kitambaa hiki kikavu. Na kumbuka nilivyosema Jumatatu, usiguse singa za upinde kwa vidole."

Theopista aliitikia, ingawa hayo ya Jumatatu hakuyasikia. Alibaki peke yake darasani na masanduku wazi. Alipofika kwenye upinde wa Mwalimu Yunus mwenyewe, ule aliopewa na mwalimu wake wa zamani, akainama kuutazama. Singa zake, nywele za mkia wa farasi, zilikuwa kavu kabisa. Juu yake kulikuwa na vumbi jeupe kama unga wa muhogo.

"Masikini," alisema moyoni. "Anatufundisha kutwa nzima, hana hata wa kumtunzia upinde."

Nyumbani kulikuwa karibu, ng'ambo ya mashamba ya kahawa. Alikimbia, akarudi na kikopo cha samli kwenye mfuko wa sketi. Alikumbuka kwamba vidole vimekatazwa, basi hakutumia vidole. Alitumia kitambaa. Alifuta lile vumbi lote, akazipaka singa samli kutoka mwanzo hadi mwisho, kidogo kidogo, kama Bibi afanyavyo, mpaka zikang'aa. Akaufunga upinde sandukuni, akaenda zake akitabasamu. Hakumwambia mtu. Alitaka Mwalimu ashangae mwenyewe.

Na kweli, alishangaa.

Ijumaa asubuhi shule nzima ilikusanyika uwanjani kusikiliza mazoezi ya mwisho. Wanamuziki walikaa nusu duara. Mwalimu Yunus akainua kidevu, akavuta pumzi, wenzake wakavuta naye, na wote wakaanza. Ila fidla yake haikutoa kitu. Upinde uliteleza juu ya nyuzi kama mguu kwenye tope la Aprili. Akajaribu tena. Sauti ndogo ya kukwaruza, kisha kimya. Watoto wakaangua kicheko, na Datius ndiye aliyecheka kuliko wote.

Mwalimu Yunus alizitazama singa. Uso wake ukabadilika. "Upinde huu umepakwa mafuta," alisema kwa sauti ya chini. "Na jana nilimwachia Theopista aupanguse, najua uliachwa safi."

Kicheko kikakatika. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Mwijage, akasimama. "Nani aliyegusa vyombo?"

Kiranja akainua mkono. "Mwalimu, leo asubuhi nilimkuta Datius karibu na masanduku. Alikuwa anakula maandazi."

"Nilikuwa napita tu," Datius alisema. "Sikugusa."

"Maandazi yana mafuta. Na umecheka kuliko wote," alisema Mwalimu Mwijage. "Kesho hutakwenda Bukoba."

"Mwalimu, sikugusa," Datius alirudia. Alijitazama viganja kana kwamba huenda mafuta yalikuwepo kweli. Kisha akaondoka mstarini, akaenda kukaa nyuma ya jiko la shule, kwenye rundo la kuni, akiwapa wote mgongo.

Theopista alimfuata kwa macho mpaka kwenye zile kuni. Sema, alijiambia. Sema sasa. Lakini shule nzima ilikuwa pale, na wageni, na Mwalimu Yunus aliyesema anamwamini kwa usafi. Akisema, hataiona Bukoba, na wala Mwalimu hatamtazama tena kwa macho yale. Kengele ikalia. Wakati ukapita.

Mchana alikwenda nyumbani kula. Bibi alikuwa ameivisha ndizi na maharage, na alikuwa akigeuza kikopo cha samli mkononi.

"Theo, samli imepungua."

Theopista alimeza tonge kwa shida, macho kwenye sahani.

"Nilitaka kuunga ndizi, nikakuta kikopo kimekwanguliwa. Sikuulizi kwa sababu ya samli. Nakuuliza kwa sababu wewe hujawahi kula chakula changu kama mtu anayemeza dawa."

Machozi yakaanza kudondoka kwenye ndizi. Theopista akasimulia yote: vumbi jeupe, kitambaa, upinde ulioteleza, na Datius juu ya kuni. Bibi alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, mama huyo mzee aliitazama enanga ukutani.

"Babu yako alikuwa na desturi moja," alisema. "Hakuipiga enanga kwenye harusi kama mle ndani kuna mtu ambaye yeye alimkosea na hawajapatana. Watu walimngoja wakanung'unika. Yeye alimwendea huyo mtu kwanza, akasema lake, ndipo akakaa kupiga. Alisema vidole vyenye siri havisikilizi nyuzi."

"Bibi, naogopa."

"Najua. Hata Petro aliogopa, akamkana Bwana wake mbele ya moto wa makuti... " Bibi akajizuia, akatabasamu kidogo. "Sijui kama ulikuwa wa makuti. Ila aliogopa, na jogoo akawika. Wewe usingoje jogoo. Nawa uso. Nitakusindikiza, lakini kusema utasema mwenyewe."

Walifika wakati wanafunzi wamerudi mstarini. Ma Renatha alijifunga kitenge vizuri, akasimama pembeni. Theopista akatoka mbele ya watu wote, kwa sababu Datius naye alishutumiwa mbele ya watu wote.

"Mwalimu Mkuu, Datius hakufanya kitu. Ni mimi niliyeupaka upinde samli. Niliona umekauka, nikadhani nautunza, kama Bibi anavyotunza enanga ya Babu. Jumatatu sikuwepo, na sikuuliza. Leo asubuhi nilijua ni mimi, nikanyamaza. Naomba msamaha, Mwalimu Yunus. Na Datius, kama unanisikia huko kwenye kuni, unisamehe."

Mwalimu Yunus aliuinua upinde akaunusa. "Samli," alisema. "Na mimi asubuhi yote nimekuwa nikidhani mpishi wenu amekaribia kupakua."

Mwalimu Maulida ndiye aliyecheka kwanza, kisha wengine. Mwalimu Yunus alimwita Theopista karibu, akatoa mfukoni donge dogo lenye rangi ya asali.

"Unaujua utomvu wa msonobari, ule unaonata mikononi mkikata kuni? Huu ndio huo, umekaushwa. Tunauita ulimbo. Lile vumbi ulilolifuta ndilo linalozishika nyuzi zitoe sauti. Bila hilo, upinde ni bubu. Enanga yenu hupigwa kwa vidole, kwa hiyo ina matunzo yake. Fidla ina yake. Ungeuliza ningekwambia, na nisingekucheka."

"Utapona?" Theopista aliuliza kwa sauti ndogo.

"Tutajaribu."

Mwalimu Mwijage alimtuma mtu duka la dawa kuleta spiriti. Mwalimu Yunus alizilegeza singa, akazisafisha taratibu kwa kitambaa kilicholowa spiriti, akiulinda ubao usiguswe, akazichana kwa kitana kipya. Wakati zinakauka, Mwalimu Mwijage alikwenda mwenyewe nyuma ya jiko.

"Datius," alisema, "nilikuhukumu bila kukusikiliza. Nimekosa. Kesho unakwenda Bukoba. Sasa niambie na hili: Theopista naye aende, au abaki?"

Datius alijikuna kichwa. Macho yake yalikuwa bado mekundu. "Aende, Mwalimu. Ile sehemu ya katikati, bila yeye napotea. Ila apekuliwe mifuko kwanza."

Kazi ya kuupaka upinde ulimbo alipewa Theopista. Aliusugua jioni hiyo, akausugua tena Jumamosi garini njia nzima kutoka Rubya, mkono ukimuuma, Datius akimsimamia kama mzee wa zamu. Walipofika Bukoba, Mwalimu Yunus aliuchukua, akaujaribu kwenye uzi mmoja. Sauti ikatoka, kwanza nyembamba kama ya mgonjwa aliyeomba uji, kisha nene na tamu. Theopista akashusha pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu Ijumaa.

Ukumbini, wanamuziki wanne na watoto wawili walikaa nusu duara. Hakuna aliyesimama mbele kuwaongoza. Walitazamana, wakavuta pumzi pamoja, wakaanza. Katikati Datius aliteleza sauti moja. Akamtupia Theopista jicho, Theopista akamwitikia kwa kichwa, naye akarudi njiani. Watu waliposimama kupiga makofi, Ma Renatha, aliyekuwa kiti cha nyuma na gauni lake la Jumapili, hakupiga. Alikuwa anafuta macho, yale yale yaliyoangaliwa Jumatatu.

Nje, upepo wa ziwa ukipeperusha vitenge, Bibi aliwaita watoto wote wawili.

"Wanangu, sikilizeni," alisema. "Mtu anaweza kukosea kwa sababu ya upendo. Hilo Mungu analijua, na watu wema wanalisamehe. Dawa yake ni kuuliza kabla ya kutenda, hata kama utaonekana hujui. Lakini kosa lako likimwangukia mwenzako, nawe ukanyamaza, hapo upendo umekwisha, imebaki hofu. Wewe Theo ulichelewa asubuhi moja tu, na ona jinsi asubuhi hiyo ilivyomuumiza Datius. Siku nyingine usichelewe."

"Sitachelewa, Bibi."

"Na samli?"

"Ya enanga na ya ndizi."

"Vizuri," alisema Ma Renatha, akamchora msalaba kwenye paji la uso, kisha akamgeukia Datius na kumchora na yeye. Datius naye, pamoja na utani wake wote, aliinamisha kichwa bila kuambiwa.