Mzigo Uliokatwa Pichani

Habari hii sikuletewa na mtu. Imemkuta mjukuu wangu Sixbert, hapo kwake Itetemia, na anayebisha aende akamtazame bega.

Siku ilianza vizuri tu. Nilikuwa uani kwao nabangua karanga, mkewe Jenifa anachambua mlenda mkavu, na Sixbert kajilaza kifudifudi nyuma ya gunia la mkaa, kamera jichoni, kama askari anayevizia adui. Adui wenyewe ni vindege. Sixbert ni fundi simu sokoni, ila moyo wake uko kwa chozi, chiriku, na vile vidogo vya buluu vinavyokuja kiangazi kunywa maji kwenye beseni alilovitengea. Anavipiga picha, anazihamishia kwenye simu, anazikata pembeni abaki ndege peke yake, kisha anazirusha mtandaoni watu wazipende. Kule kukata wenyewe wanaita kukropu. Mimi naita kupogoa.

"Mume wangu," nikamwambia, "wenzako wanapiga picha maharusi wanakula pilau. Wewe unapiga picha kitoweo, na chunguni hakifiki?"

"Bibi, nyamaza, utawafukuza."

"Mwache mume wetu," Jenifa akacheka. "Hao ndio wake wenzetu, bibi. Sisi hata salamu hatupati."

Kando ya beseni alikuwa ameweka mti mpya wa ndege kutulia. Wapiga picha wa ndege ndivyo wafanyavyo: wanatafuta mti mzuri, wanauweka karibu na maji, ndege akitua picha inapendeza. Huo alikuwa ameulaza juu ya panda mbili za miti zilizochomekwa ardhini. Mrefu, mweusi, laini kama uliopakwa mafuta, ncha zote mbili zimelika.

"Umeutoa wapi?"

"Ntalikwa, kwenye lile lundo la vijiti kando ya njia ya zamani."

Nikaacha kubangua. Lundo lile kila mtu wa rika langu analijua. Misafara ilipita pale ikitoka Ujiji kwenda pwani. Pembe kubwa za ndovu zilining'inizwa kwenye mpiko, mti wa kubebea, ukabebwa begani na watu wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma. Mpagazi akianguka hakungojewa. Walimfukia, wakamwekea mpiko wake juu, wakaendelea. Ukipita pale unaongeza kijiti chako, na unakaa kimya. Kutoa, hutoi. Mchwa wa huku wanakula mpaka milango ya kanisa, lakini mti ule haukuwa na tundu hata moja.

Nikamwambia aurudishe. Akasema kesho. Na mimi, Mungu anisamehe, nikakimbilia kwa shoga yangu Gaudensia kumpelekea habari ikiwa bado ya moto.

Kesho yake akanionyesha picha. Kandege ka buluu, kazuri mpaka basi, kametua katikati ya mpiko. Lakini mpiko ulikuwa umepinda. Umepinda sana.

"Hako kandege kanakula nini?" nikauliza.

Hakucheka. Alikuwa anatazama sehemu ya chini ya picha. Kulikuwa na kitu kirefu kinaning'inia kwenye ule mti, kimeviringishwa mkekani, kimefungwa kwa kamba za magome. Nikageuka kutazama beseni. Mpiko ulikuwa umenyooka, na chini yake hapakuwa na kitu.

"Ni kivuli," akasema. "Kinaharibu picha."

Akapitisha kidole. Akakata chini kote, akabaki ndege na kipande cha mti. Alipomaliza aliguna, akashika bega la kulia.

Watu waliipenda picha ile ajabu. Akapiga nyingine, na nyingine. Kila moja ilikuwa na mzigo. Kila moja akaukata.

Haikupita wiki, bega limeshuka. Kanisani watu waliposimama kusikiliza Injili, yeye alisimama ameinamia upande, kama aliyeegemewa na mtu. Zahanati walimpapasa, hawakuona uvimbe, wakampa dawa ya kuchua. Jenifa ndiye aliyemchua. Aliniambia ngozi ya pale imekuwa ngumu kama kisigino.

Na ndege wakabadilika. Walikuja bila kulia. Walitua kwa safu juu ya mpiko, maji hawayagusi, wote wametazama upande mmoja. Mashariki. Pwani.

Alasiri moja Jenifa akanijia mbio, miguu mitupu.

"Bibi, hayupo."

Tulimkuta kwenye barabara ya vumbi, anatembea. Taratibu. Magoti yamekunjika. Mkono mmoja ameuinua kushika kitu juu ya bega, na juu ya bega hapakuwa na kitu. Nyayo zake zilizama vumbini mpaka vifundoni. Alikuwa anasalimia watu.

"Mwangaluka. Mwangaluka."

Ni salamu yetu Wanyamwezi, ya asubuhi. Jua lilishaelekea magharibi. Sixbert hajui Kinyamwezi, miaka yote namcheka kwa hilo. Na njia ilikuwa tupu.

Jenifa akamkumbatia kiuno. "Baba, turudi nyumbani."

"Niache," akanong'ona. "Wametangulia. Anayebaki nyuma wanamfukia."

Utani uliniisha mdomoni. Tulimvuta, hakuvutika. Alipiga hatua nyingine. Na nyingine. Tulikuwa tunaburutwa naye.

"Bibi," Jenifa akasema, anahema, "kila akikata picha ndipo anaguna. Anaukata kule, unakuja huku."

"Kilichokatwa kinarudishwa?"

"Simu inatunza picha ya mwanzo."

Akamchomoa simu mfukoni. Akafungua ya kwanza, akairudisha ilivyokuwa. Mzigo ukatokea chini ya mti. Bega la Sixbert likapanda kidogo. Akarudisha ya pili. Goti likanyooka. Akaendelea, na mimi nikaendelea kusali. Ilipofika ya mwisho Sixbert alisimama, akanitazama kama mtoto aliyeamshwa.

"Bibi? Mnafanya nini barabarani?"

Nilikuwa nimeiona ile picha ya mwisho. Panda hazikuwepo. Ndege hakuwepo. Mpiko ulikuwa hewani, kimo cha bega, na mzigo wake.

Asubuhi tukasema mpiko urudi ulikotoka. Nilijaribu kuuinua. Wapi. Gaudensia, aliyekuja kuchungulia, akajifunga kanga kiunoni akajaribu. Akauachia, akaondoka bila kuaga. Gaudensia, kuondoka bila kuaga! Hapo ndipo nilipoogopa hasa.

Sixbert peke yake ndiye aliyeweza, na yeye ncha moja tu. Ncha ya pili ikaburuza, ikachimba mfereji uani. Getini ikagoma. Jasho linamtoka, bega limeanza kushuka tena, na macho yake yanaanza kutazama mashariki.

"Jenifa, ngoja," nikasema, "tutafute mtu."

Hakungoja. Aliinama, akaingiza bega lake chini ya ncha ya nyuma.

Mpiko ukanyanyuka kama unyoya.

Tukaenda. Wao mbele, mimi nyuma, mpaka Ntalikwa. Hatukukutana na mtu, wala baiskeli, wala ng'ombe. Hatua zao zililingana. Kulia, kushoto. Kulia, kushoto. Sikuwahi kuwaona wakitembea hivyo. Mti katikati ulikuwa umepinda.

Kwenye lundo wakaulaza. Kila mmoja akaongeza kijiti. Hakuna aliyefungua kinywa. Njia nzima ya kurudi nilikuwa namtazama Sixbert mgongo: umenyooka, sawasawa. Nikalia kimya kimya kwa furaha. Nilijua tumempata.

Nililala kwao. Kulipokucha alikunywa uji vikombe viwili, akapiga mluzi. Vindege walikuwa kwenye beseni wanagombana, wanarushiana maji, kelele tupu. Akawatazama akacheka, kamera hakuigusa.

Jenifa akaenda kufungua mlango wa jikoni. Akasimama.

"Bibi. Njoo."

Kizingitini palikuwa na ngata, ile ya kutulizia mzigo kichwani. Imesukwa vizuri, na mkono uliozoea. Nyasi zake zilikuwa mbichi, bado zina umande, na huu ni mwezi ambao Tabora nzima haina jani bichi. Nikaiokota. Nikaijaribu kwenye ngumi yangu, ikanikwama kwenye vifundo.

"Hii ya nani?" nikanong'ona. "Hakuna kichwa cha mtu kinachoenea humu. Labda cha kichanga."

Mikono ya Jenifa yote miwili ilikuwa tumboni.

Mimba za Itetemia huzijua mimi kabla wenye mimba hawajawaambia waume zao. Hiyo nilikuwa sijaambiwa. Wala Sixbert hakuwa ameambiwa. Hakuna mtu aliyekuwa ameambiwa. Wa msafara ndio waliojua, tangu Jenifa alipoingiza bega.