Aliyerudi na Chumvi

Ng'ombe ndio waliomtambua kwanza, ingawa Felista hakuelewa walichokitambua. Mogesi alipoingia uani akitokea baharini, baada ya kimya kirefu kilichomaliza masika na vuli, jike mwekundu alikata kamba, akamfuata, akaanza kumlamba mkono. Alilamba kiganja, akapanda hadi kiwikoni, akarudi tena kiganjani. Mogesi alisimama tu akitabasamu mpaka ngozi ikawa nyekundu.

"Wamekukumbuka," Felista alisema, akicheka na kulia kwa pamoja.

"Wamenikumbuka," mumewe alijibu.

Miaka hiyo Nyamongo ilikuwa bado inachimbwa kwa tindo na nyundo, na watu walimiminika huko kutoka kila upande, hata ng'ambo ya mpaka. Mogesi hakuwa mchimbaji. Alikuwa fundi wa kompresa, ile mashine ya kusukumia hewa kwa wenzake waliokuwa chini ya duara, yaani shimo la dhahabu. Mnunuzi mmoja wa dhahabu alimwambia kuwa kisiwani Mafia wageni wanazamia wakiwa na mitungi ya hewa mgongoni ili watazame samaki, na mashine ya kujaza mitungi hiyo imeharibika. Mogesi alikwenda kwa ajili ya mashine, akabaki kwa ajili ya bahari. Alijifunza kuzamia, mwishowe akawa ndiye anayewaongoza wageni huko chini. Alirudi nyumbani mara moja tu kwa likizo, akiwa na maneno machache kama kawaida yake. Alimwambia Felista kwamba amemwona samaki mkubwa kuliko lori, mwenye madoa mgongoni, mpole kama ndama. Hakuongeza neno. Felista aliliweka hilo moyoni kama zawadi.

Mara hii Mogesi alikuwa na maneno mengi.

Mama yake, bibi Robi, alitoka jikoni akimwita kwa Kikurya, yale maneno marefu ambayo mzazi humwambia mtoto aliyemdhani kapotea. Mogesi alimsikiliza hadi mwisho, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Bibi Robi alimtazama usoni. "Mura, mwanangu, lugha yako umeiacha wapi?"

"Imebaki majini, mama. Itarudi."

Haikurudi. Wakajisemea kwamba mtu akikaa sana pwani hubadilika. Shati lake nalo lilikuwa halikauki, hata akilianika juani kutwa nzima. Maji ya mtungi wa ndani yakaanza kuwa na chumvi. Mchana alipojilaza, pumzi yake iliingia polepole kwa mluzi mwembamba, kisha ikatoka kwa kugugumia, kama kibuyu kinachozamishwa kisimani. Felista alikaa kando yake akiisikiliza.

Lakini Mogesi alipoamka alimshika mkono, akamsimulia. Alimweleza jinsi kasa anavyolala chini ya mwamba wa matumbawe, na anavyofungua jicho moja kumtazama mgeni bila kushtuka. Alimweleza habari za pweza anayegeuka rangi ya jiwe alilokalia, na za samaki taa anayejifukia mchangani akaacha macho tu nje. Felista hakuwahi kupata mume anayekaa naye hivyo. Alianza kumaliza kazi mapema. Alianza pia kukohoa, kikohozi cha majimaji, na midomo yake ikapasuka, na hakumwambia mtu.

Siku Tomaso alipopiga hodi, jua lilikuwa la saa sita. Alikuwa kijana mrefu mwenye vumbi la safari, na mkononi alibeba mfuko wa turubai.

"Wewe ndiye Felista? Mimi ni Tomaso. Nilikuwa nazamia na Mogesi."

"Karibu, shemeji. Kaa, nimwite. Yupo zizini."

Tomaso hakukaa. "Nani yupo zizini?"

"Mogesi."

Aliuweka mfuko chini taratibu, kana kwamba ndani kuna kitu kitakachoamka. "Shemeji," alinong'ona, "Mogesi nilimzika mimi. Kwa mikono hii."

Akamweleza, macho yake hayatoki mlangoni. Walikuwa wamewapeleka wageni kutazama kasa. Mama mmoja aliingia kwenye pango la matumbawe, akanaswa na wavu wa zamani, na hewa yake ikaisha. Mogesi alimfuata, akampa mpira wake wa kupumulia, akaukata wavu, akamsukuma nje. Yeye hakutoka mpaka Tomaso alipomtoa, amekwisha kufa.

"Mzee mmoja wa kisiwani aliniambia mle pangoni kuna jini. Akimkuta mtu anakufa huku anamuwaza mtu, hulivaa lile wazo, akalifuata linakokwenda. Mimi nikaona ni maneno tu ya wazee."

Felista alitaka kusema kwamba haiwezekani, kwamba jana tu amemfulia shati, lakini akakumbuka lile shati lisilokauka, na Kikurya kilichobaki majini, na ile pumzi, na hapo akasikia nyayo zinakuja kutoka zizini, nyayo za mtu anayetembea na viatu vilivyojaa maji ingawa nje vumbi lilikuwa linapepea, zikapita jikoni, zikapita ghala, zikasimama nyuma yake karibu kiasi kwamba harufu ya mwani ikamfunika kama blanketi.

"Tomaso," sauti ya Mogesi ilisema. "Yule mama alipona?"

Tomaso alirudi nyuma hatua moja. "Alipona."

"Afadhali," ikasema, kwa furaha ya kweli, ikarudi kwa ng'ombe.

Bibi Robi aliposikia, hakulia. Alimtuma mtu Ringwani kumleta mganga, mzee Simioni. Mganga alichoma majani yake, akaongea na kitu kile muda mrefu, nacho kikamjibu kwa adabu na kumwita baba. Mwishowe mzee alitoka nje amechoka, akaomba kuweka sikio kwenye kifua cha Felista.

"Mizimu ya kwetu ninaijua, na inanijua," alisema chinichini. "Huyu ni mgeni, na dawa yangu haielewi. Hana nia mbaya. Ila kifua chako, mwanangu, kinajaa maji. Ukiendelea kukaa naye utazama hapa hapa nchi kavu."

"Nifanye nini, baba?"

"Amekufuata wewe. Mpeleke kwenye maji, umwambie amekufa. Sisi tukimwambia hatatusikia."

Nyuma ya kilima kulikuwa na duara lililoachwa, mvua imelijaza hadi mdomoni. Felista alimshika mkono wakaenda, mchana kweupe, watu wakiwasalimia njiani. Mkono ulikuwa wa baridi na ulikuwa na kovu la nyundo pale pale lilipokuwa siku zote.

Walipofika ukingoni alimgeukia.

"Mume wangu amekufa," alisema. "Amekufa baharini. Tomaso amemzika."

Alingoja kitu kibadilike sura, kingurume, kimrukie. Kilimtazama tu, kama mtu anayepewa habari za msiba.

"Mimi?" kiliuliza.

Felista aliitikia kwa kichwa.

"Kumbe." Kilitazama mikono yake. "Nilikuwa najiuliza mbona siumwi na njaa. Nilikumbuka giza, halafu nikakumbuka njia ya kuja kwako. Sikukumbuka kingine." Kikainua macho. "Ninakuumiza?"

"Ndiyo."

"Basi."

Kiliingia majini bila kuvua viatu. Maji yalipofika kifuani kiligeuka.

"Huku kuna giza, Felista. Kule kulikuwa na mwanga hadi chini kabisa. Kaa hapo kidogo, nisiingie peke yangu."

Alikaa. Alikaa hadi maji yakatulia, na hadi bibi Robi akaja kumwinua.

Jioni hiyo msiba ulitangazwa na watu wakajaa uani. Bibi Robi alimlilia mwanawe kwa Kikurya, akaeleza kuzaliwa kwake na ukimya wake na yule mama aliyemwokoa. Tomaso alitoa kwenye ule mfuko wa turubai mkanda wa kuzamia na miwani ya Mogesi, vikapita mkono kwa mkono. Vilipomfikia Felista, alivishika akavipitisha kwa jirani. Watu wakasema mshtuko umemgandisha.

"Mlilie mumeo, mwanangu," bibi Robi alimwambia, akimkumbatia. "Usibaki nayo moyoni."

Felista akalia, akalia mpaka wanawake wakamshika. Hakumwambia mama mkwe wake, wala hatamwambia mtu, kwamba yule wa kisiwani, mume wake wa ndoa, mwenye maneno machache, hakuwa na chozi la kumpa. Aliyekuwa anamlilia ni huyu aliyeko peke yake gizani, nyuma ya kilima, ambaye hana jina la kuombolezewa.