Kikohozi Katika Mafunjo

Mvua haikubisha hodi. Ilitoka upande wa ziwa na upepo wake, ikayalaza mafunjo chini, na Protus alipoinua uso kutoka kwenye kamera aliona ukingo wa Kenya unaondoka. Lo, kumbe wao ndio waliokuwa wakiondoka! Kipande cha kinamasi walichokalia kilikuwa kimekatika na kuingia katikati ya mto Sio, na mtumbwi wao umebaki nyuma, ulikofungwa mbali ili usimtishe ndege waliyekuja kumpiga picha.

Kosa lilikuwa lao wenyewe. Asubuhi ile Protus alitaka uwazi wa kupigia picha, akamwambia Alupo akate mafunjo mpaka chini kabisa, visiki visionekane. Alupo, mama wa Kiteso aliyezoea kukata mafunjo ya mikeka, alikata mpaka mizizi. Na mizizi ndiyo iliyokuwa imekishikilia kile kipande.

“Tunaenda ng'ambo,” Alupo alisema, akachomoa panga lililokwama kwenye mizizi.

Protus alikuwa amekwisha kumtilia shaka tangu juzi. Ndege aliyemtafuta, mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano, huimba karibu na sikio lako na bado humwoni. Jumba la makumbusho la Nairobi lilikuwa limemwahidi kazi ya kudumu akileta picha yake. Basi kila mara ndege huyo alipokaribia kutokeza, Alupo alikohoa. Hana mafua, hana homa, lakini anakohoa! Na huo ulikuwa mwaka wa sabini na sita; mtu wa Kenya akishikwa ng'ambo, Uganda, na kamera, alihesabiwa jasusi, na jamaa zake walianza matanga bila maiti. Ameniuza huyu, kikohozi ni ishara, Protus aliwaza.

Wimbi liliinua kile kisiwa. Alupo akateleza, panga likamchana muundi. Damu ilitoka nyingi. Protus alisita, na aibu ya kusita kwake ikamuuma, kisha akachana shati lake akamfunga kwa nguvu. Maji ya kunywa yalikuwa ya mvua tu, waliyoyakinga kwenye kifuniko cha lenzi, wakapokezana.

“Mama, kwa nini unakohoa?” aliuliza hatimaye.

Alupo alimkazia macho. “Na wewe boss, hiyo mashine yako, kwa nini kila siku inaangalia pale watu wanavukia?”

Ndipo yakatoka yote. Mumewe, Egwang, alivusha kahawa ya magendo hapo hapo. Mwaka uliopita kaka yake Alupo alichukuliwa na askari wa ng'ambo waliokuwa na picha yake mkononi, na mpaka leo hakuna aliyejua nani aliipiga. Alikubali kumwongoza Protus ili amchunge, na kila kamera ilipoinuliwa alikohoa kumwonya mumewe. Protus aliapa kwamba anataka ndege tu. Alupo akasema kila mtu huapa.

Walikesha wakitazamana, wamelowa chapachapa. Kulipokucha ukingo wa Uganda ulikuwa karibu, na risasi mbili zikapita juu ya mafunjo. Walilala kifudifudi. Hapo Protus akamwona: ndege yuko kwenye tago lake, hatua chache tu, hatoki kwa sababu ana mayai na hana pengine pa kwenda.

Na nyuma ya ndege, mtumbwi ulikuwa unakuja. Egwang alikuwa ndani, na magunia. Aliona kamera, akaacha kupiga kasia.

“Atupe hiyo kitu majini,” alimwitia mkewe kwa sauti ya chini, “ama nageuza.”

Protus aliangalia ndege, akaangalia kamera. Akaivua shingoni, akamkabidhi Alupo. “Tupa wewe. Mimi siwezi.”

Alupo aliishika muda. Kisha akamrudishia. Alifungua leso kiunoni, akajiburuta polepole kwa mguu wake mbovu mpaka nyuma ya tago, akaitandaza kati ya mafunjo, mto wote ukafichika pamoja na mtumbwi.

“Piga. Moja tu.”

Alipiga moja. Egwang alinung'unika lugha yake njia nzima, lakini aliwavusha.

Nairobi, bwana wa makumbusho aliishika ile picha karibu na dirisha. Ndege alikuwa safi, kila unyoya. Nyuma yake palijaa maua makubwa ya kitambaa.

“Kinamasi gani kina mapazia?” aliuliza. “Huyu ulimfunga wapi?”

Protus alifungua mdomo. Kueleza ile leso kulikuwa kueleza kilichokuwa nyuma yake, na pale ofisini hakumjua mtu hata mmoja, wala hakujua nani humpelekea nani habari. Ile kazi aliitaka sana.

“Nyumbani kwangu,” alisema. “Nilimfunga mguu kwa uzi.”

Yule bwana alimrudishia picha yake kwa ncha za vidole.