Mpangaji wa Tangi

Jumatatu asubuhi, mwanamume aliyeitwa Kesho alikuta kava la kulia la pikipiki liko sakafuni, na jana yake alikuwa amelifunga kwa mkono wake mwenyewe.

Hakushtuka. Mtu aliyeanza kutengeneza pikipiki miaka kumi na mmoja iliyopita, na bado yuko kwenye makava, hana haki ya kushtushwa na kava lililodondoka. Kilichomshangaza ni bolti zake nne. Zilikuwa zimelazwa juu ya gazeti, ndefu mpaka fupi, kila moja na nati yake pembeni, safi kuliko alivyowahi kupanga kitu chochote tangu azaliwe.

"Mke wangu! Umefungua kava?"

"Mimi nafungua zipu za watu," sauti ilijibu kutoka sebuleni, juu ya mlio wa cherehani. "Wewe hukulifunga. Uliota umelifunga."

Hakumlaumu. Jina la Kesho alibandikwa na huyo huyo mkewe, na hata yeye mwenyewe alilitumia kujitambulisha kwa wageni. Alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, na kutoka kila nchi alirudi na kipande kimoja cha ile pikipiki: huku taa, kule kiti, kwingine kifuniko cha tangi. "Mimi ni bingwa wa kuanza," alipenda kusema. "Kumaliza nimewaachia wenye muda."

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya mama yake. Mama huyo alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na minne, na nusu ya mtaa ule ililetwa duniani na mwanamke aliyefika juu ya magurudumu mawili. Alipostaafu, mwanawe aliibomoa ili aitengeneze kwa heshima. Akavua madigadi ya kuzuia matope, makava na tangi, akapiga msasa, akapuliza rangi. Kisha ikaja safari. Kisha safari nyingine. Tangi lilibaki juu ya matofali mawili kwenye kona ya chumba cha nyuma, kifuniko kimetolewa, mdomo wazi, miaka kumi na mmoja.

Sasa mama alikuwa anapasuliwa macho yote mawili siku ya Alhamisi. Kilichobaki kwenye macho hayo kilikuwa kitundu cha katikati, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na daktari hakutaka kuahidi kwamba hata hicho kitabaki.

"Nataka niione imesimama nzima," mama alimwambia mwanawe. "Nikiamkia gizani, niwe na kitu cha kutazama huko ndani. Sitaki kubaki nakumbuka maboksi."

Kwa hiyo Jumatatu ile Kesho alilifunga tena kava, akalikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akaweka na lile la kushoto. Akaweka taa, nayo akaikaza. Madigadi ya mbele aliyatundika tu, bolti amezizungusha kwa vidole, maana mkono ulikuwa umechoka.

Jumanne asubuhi taa na makava yote mawili yalikuwa chini. Bolti zimepangwa, ndefu mpaka fupi.

Alizirudisha bila kumwambia mtu. Alikuwa ameshasema "kesho naimaliza" mara nyingi mno. Nani angemwamini kwamba safari hii kosa si lake? Mchana wakakaa watatu mezani, yeye, mkewe na mama, jua kali limejaa uani, na ndipo waliposikia.

Krii.

Mke alishusha kijiko.

Krii. Kimya. Krii.

"Hiyo ni spana," mama alisema taratibu. "Nani yuko huko nyuma?"

Wote walikuwa mezani. Kesho aliinuka kwa sababu yeye ndiye mwanamume, na njia nzima akajutia cheo hicho. Alipokanyaga ukumbini harufu ilimpokea, kwanza petroli iliyooza, kisha chini ya petroli udongo mbichi kama wa shimo lililochimbwa sasa hivi, na kadiri alivyosogea ndivyo ile krii ilivyozidi kuwa ya karibu na ya upole, kama mtu anayefanya kazi anayoipenda, mpaka akafika mlangoni akaona spana namba kumi inazunguka peke yake kwenye bolti ya kava, polepole, bila mkono wowote, huku kutoka kwenye mdomo wa tangi kukitoka pumzi zinazoingia na kutoka, zinaingia na kutoka, kama za mtu aliyelala usingizi mzuri nyumbani kwake.

Kisha tangi likasema, kwa sauti ya Kesho mwenyewe:

"Utamaliza kesho. Tumekaa vizuri miaka yote hii. Nani anakukimbiza?"

Alirudi mezani hajui miguu ilimletaje.

"Mama," alinong'ona, "kuna mtu ndani ya tangi."

Mama aliendelea kutafuna. "Uliliacha wazi?"

"Wazi."

"Basi huyo si mtu, ni mpangaji. Nyumba tupu, haina mlango, mwenyewe hapiti hata kusalimia. Mimi mwenyewe ningehamia."

"Mama, tafadhali," mke alisema, amejikunja kama anayesikia baridi. "Tutafute mtu wa kutusaidia. Tena wa leo leo."

"Mwanangu, watu wakitafuta mtu wa kutoa kilichokataa kutoka, wanakuja kwangu. Nipeleke nikaone."

Krii zilikoma walipoingia. Makava yalikuwa chini, taa pia. Mama alisogeza uso karibu kabisa na fremu, kitundu chake cha kuonea kikipita juu ya chuma kidogo kidogo, vidole vikifuata.

"Haya madigadi mbona yamebaki?"

"Hayo sijayakaza. Nilichoka."

Mama alisimama wima. "Wewe mtoto. Nilikufundisha nini ulipokuwa na kimo cha gurudumu? Usikaze kimoja kimoja! Tundika vyote, vilegee, vikae vyote mahali pake, ndipo ukaze. Kinachokazwa peke yake kinavuta vingine upande."

"Nilikuwa na haraka, mama."

"Miaka kumi na mmoja huna haraka, leo ndiyo unayo? Huyu anafungua kilichokazwa. Kilicholegea anakiona bado ni kesho, hana shida nacho. Na wewe unamkazia kimoja kimoja, unamtengea kazi kwa vipimo. Tutamkazia vyote kwa mpigo."

Jumatano ndiyo siku iliyobaki, na adhuhuri ile wakaanza. Walitundika madigadi mawili, makava, taa na kiti, bolti zote kwa vidole tu. Chumba kilikaa kimya, kama kinawacheka. Tangi likabaki la mwisho. Kesho alilikumbatia kulinyanyua akakuta limejaa uzito wa maji, nalo lilikuwa kavu. Mke alishika upande wa pili, wakalilaza juu ya fremu huku linawatetemekea vifuani.

Mama aliweka viganja viwili juu yake, kama juu ya tumbo.

"Kazeni," alisema. "Na wewe uliyemo, nisikilize. Nimewatoa waliotanguliza matako. Nimewatoa waliojizonga kitovu shingoni. Wote walisema hawatoki, na leo wengine ni mahakimu. Toka."

Mwanga wa dirishani ulipungua, jua likiwa juu pale pale, na ile harufu ya shimo ikapanda mpaka ikawa na ladha mdomoni. Mke alikuwa amepiga magoti upande wa kushoto, anakaza bolti za kava kwa vidole vilivyozoea sindano, machozi yanamtoka, na kila alipomaliza moja spana zilizokuwa sakafuni ziligongana zenyewe, zikamsogelea magotini, na sauti ikatoka tangini, safari hii si ya Kesho wala ya mtu yeyote:

"Ukinitoa, nachukua macho yako."

"Hayo yana foleni," mama alijibu. "Daktari katangulia. Wewe panga mstari."

"Mama, usimchokoze!" mke alilia.

"Kaza, mwanangu! Yeye ndiye aliyeanza!"

Ikabaki bolti moja, ile ya nyuma ya tangi chini ya kiti, na mkono wa Kesho ulikuwa umelowa jasho, spana inateleza, inateleza tena, na sikioni mwake sauti yake mwenyewe ikamwambia kwa huruma, kama rafiki pekee aliyewahi kumwelewa, kwamba amechoka, kwamba hakuna atakayemlaumu, kwamba kesho.

"Leo," Kesho alisema, meno yameumana. "Leo, mwana haramu we!"

Bolti ikakazika.

Kitu cha baridi kilimwagika kutoka mdomo wa tangi bila kulowesha chochote, kikapita katikati ya miguu yake, kikatokea uani. Mke alibandika kifuniko, akakizungusha mpaka mwisho, halafu akakaa sakafuni akaanza kucheka kicheko kibaya kisichotaka kukoma.

Mama hakucheka. Aliisukuma pikipiki mpaka mwangani, akaanza kuitazama. Alianzia kwenye taa, uso shubiri moja kutoka kwenye rangi, akashuka kwenye madigadi, akapanda kwenye tangi, akapita pembeni yote mpaka nyuma, kisha upande wa pili. Alichukua muda mrefu. Alikuwa anaipakia kichwani.

"Kijani," alisema.

"Kile kile, mama."

"Kile kilikuwa na aibu. Hiki kinajiamini." Akajifuta pua. "Tia petroli."

"Mama, macho—"

"Macho ni ya kesho asubuhi. Petroli."

Kiki ya tatu, ikaitika. Mama alipanda kama aliyeitwa kwa uchungu wa saa ile, akaanza kuzunguka uani pole pole, Kesho akikimbia pembeni mikono wazi kama anayemfukuza kuku. Katika mzunguko wa pili Kesho aliona springi za nyuma zinabonyea. Vikanyagio vya abiria vilikunjuka, kimoja, kisha cha pili. Harufu ya udongo mbichi ikampiga usoni.

Alimpigia mama kelele ashuke.

Mama hakugeuka. Alipunguza mwendo tu, kama dereva anayesubiri abiria akae sawa.

"Umepata nafasi, mpangaji?" alisema. "Basi shikilia. Na nikiinama, uiname."

Akaipita kona ya ua bila kukata, akatokea getini, akaongeza moto.