Breki ya Kimbunga

Siku waliyokutana, damu ilimwagika kabla ya salamu.

Ilikuwa mchana, mtaa wa maduka ya vyuma umefurika. Wauza misumari wanaita, wapakuzi wanafokea watu "kando, kando!" na watu wenyewe hawana kando ya kuendea. Spana alikuwa anatoka dukani na kasha la beringi amelikumbatia kifuani. Alivaa ovaroli ya bluu iliyokunjwa mikono, kitambaa chekundu kichwani, na mfuko wa nyuma ulibeba ile spana ndogo iliyompa jina. Wasichana wengine hawatoki bila wanja. Yeye hatoki bila spana.

"Pisheni! Sina breki!"

Sauti ilitoka juu, kwenye njia ya mteremko wa ghala. Kijana mrefu mwenye fulana ya njano, begi la vifurushi mgongoni na viatu vya magurudumu miguuni, alikuwa anashuka kama jiwe lililotoka kwenye kombeo. Akagonga toroli la misumari, akapaa, akamwangukia Spana mwilini. Kasha likapasuka. Beringi zikatawanyika chini, na mpakuzi mmoja mnene akazikanyaga, akapigwa mwereka pamoja na gunia lake.

Spana aliinuka mdomo umechanika. Hakulia. Alichomoa spana akamtandika kijana begani, akamtandika pajani, akamalizia kwenye kofia ngumu: ko!

"Dada, inatosha! Utaniua!"

"Ndiyo nia yangu! Breki yako iko wapi?"

"Iliisha."

"Iliisha lini?"

"Nilivinunua imeshaisha."

Mpakuzi naye alikuwa amefika, ngumi tayari. Alimpiga kijana ya shavu. Kijana hakuwa mtu wa kulaza deni la namna hiyo. Akarudisha ya tumbo, wakashikana mashati, watu wakafanya duara. Katikati ya vurugu hizo kijana alihisi mguu wake umeshikwa. Kutazama chini, msichana wa ovaroli amepiga goti, anamfungua kamba za kiatu.

"Sasa wewe unafanya nini?"

"Tulia. Naangalia magurudumu."

Kijana akaangalia alikoambiwa, mpakuzi akapata nafasi, na ngumi ya mwisho ikamlaza chali. Spana aliendelea kukigeuza kiatu, akiyazungusha yale magurudumu manne yaliyopangwa mstari mmoja, huku akitema damu pembeni.

"Chuma kizuri," alisema. "Mwenye nacho ndiye takataka. Njoo karakana nyuma ya kiwanda cha magunia. Nitakutilia breki. Usipokuja nitakuvunja mguu mwenyewe, nipunguze hatari mjini."

"Wananiita Kimbunga," kijana alisema, bado amelala.

"Nimekuuliza?" Akaokota beringi zake, akaenda. Alipofika kwenye kona akageuka. "Mimi Spana!"

Kimbunga alikuja. Alikuja na kesho yake pia.

Tuseme ukweli: Spana hakumfanyia hisani. Wazo hilo lilikuwa linamla siku nyingi. Kaka yake, Nyundo, alikuwa mkimbiaji wa viatu hivyo hivyo kabla hajaanguka kwenye mteremko wa tangi la maji, ule ule ambao vijana hushindania kila mwaka. Goti lilisagika. Sasa Nyundo ni mlinzi wa mlango kwenye ukumbi wa muziki, anatembea mguu mmoja mkavu kama mpini, na hasira zake zote zimehamia mikononi. Spana alikuwa ameapa kutengeneza kiatu ambacho kwenye mteremko ule hakitamvunja mtu tena.

"Tazama hapa," alimwambia Kimbunga, kiatu kimebanwa katikati ya meno ya jiliwa ya mezani. "Kila gurudumu lina kipande cha mpira ubavuni. Waya huu mmoja unavipita vyote vinne, unashuka mpaka breki ya kisiginoni. Nikiuvuta, mipira inabana, gurudumu linakuwa zito. Nikiuachia, linakuwa jepesi."

"Kwa hiyo wewe ndiye unayeamua niende mbio kiasi gani?"

"Kwa sasa. Baadaye nitaweka kirungu hapa kwenye kifundo cha mguu, uzungushe mwenyewe."

"Acha tu. Napenda unavyopiga magoti mbele yangu na spana."

"Rudia."

Hakurudia. Ile spana ilikuwa juu tayari.

Walipendana hivyo, kwa kutishiana. Kimbunga alipeleka vifurushi mjini kutwa, jioni akaleta viatu vikaguliwe, na huku Spana akikaza waya, yeye alimmenyea chungwa na kumlisha pande moja moja kwa sababu mikono yake ilikuwa na grisi. Mama yake Spana, mshona magunia mwenye kidole gumba kigumu kama kwato, aliwachungulia dirishani.

"Huyo kijana ana ngumi nyepesi," alisema. "Naona vifundo vya vidole vyake. Mtu wa kupigana kila siku."

"Anabadilika, mama."

"Nguo hubadilishwa, mwanangu. Mtu hushonwa upya, na sindano inauma."

Nyundo yeye hakuchungulia. Aliingia. Alimkuta mgeni amekaa juu ya meza ya dada yake, akamkamata shingo, akamtupa juu ya mapipa. Kimbunga akaamka na kipande cha bomba. Walipigana mpaka rafu ya vyuma ikaanguka, Nyundo akang'oka jino, Kimbunga akapasuka nyusi.

"Sikiliza we mtoto wa magurudumu," Nyundo alihema. "Nikikuona tena na dada yangu, miguu yako nitaifanya kama wangu!"

Kimbunga aliyahifadhi maneno hayo. Mtu akipigwa husahau maumivu, kitisho hakisahau.

Mashindano ya mteremko yakafika. Spana alikuwa na zamu kwenye kile kiwanda cha magunia, alikohudumia pampu, na msimamizi alikataa kumruhusu. Alfajiri alimalizia kile kirungu, akachonga maneno mawili kwa mkono wake, upande huu KAZA, upande huu LEGEZA, akampa viatu rafiki mmoja wa Kimbunga ampelekee. Kisha akapiga simu.

"Vimefika, mpenzi?"

"Vimefika. Vinang'aa kuliko bibi harusi. Hiki kirungu ndicho?"

"Ndicho. Nimekuandikia kila kitu, hata wewe utaelewa."

"Dharau hizo! Nikishinda utanipa nini?"

"Nitakupa ruhusa ya kuongea na mama. Sasa sikiliza, huku mashine zinapiga kelele. Ukifika pale kwenye kona ya mteremko, kaza. Umenisikia? Kaza!"

"Nitakaza mpaka moshi utoke!"

Spana akacheka, maana mpira wa breki ukibanwa sana hutoa moshi kweli. Akakata simu moyo umetulia.

Nani angemwambia? Kwa fundi, kukaza ni kubana, na kilichobanwa hakiendi. Kwa mkimbiaji, kukaza ni kukaza mwendo. Neno moja, watu wawili, kila mmoja na lake.

Walioanza kule juu, kwenye tangi la maji, walikuwa wengi, na mbio zile hazina adabu. Kiwiko kilimpata Kimbunga tayani, akarudisha kiwiko. Mmoja akamshika fulana, Kimbunga akamkung'uta, yule akaenda kuparamia ukuta. Kwenye kona ya mteremko akakumbuka sauti ya mpenzi wake. Kaza! Akainama, akasukuma kwa nguvu zake zote, upepo ukamziba masikio. Hapo ndipo lori la mbao likarudi nyuma kutoka kwenye kichochoro.

Alikuwa na nafasi ya kupunguza mwendo. Aliupeleka mkono kwenye kirungu, akasoma maneno mawili, akachagua lile ambalo mkimbiaji yeyote angechagua. Akazungusha LEGEZA mpaka mwisho. Akakanyaga breki ya kisigino. Ikaning'inia tu kama ulimi wa mbwa. Magurudumu yakawa mepesi kuliko hewa.

Mbao zilimpokea kwa bega. Mlio wa mfupa ulisikika hadi chini.

Spana alipiga simu hospitali mpaka akampata.

"Kimbunga wangu! Umeumia wapi?"

"Muulize kaka yako."

"Kaka yangu ameingiaje hapa?"

"Alisema atanivunja. Akakutuma wewe. Ulisema kaza, nikakaza. Nikazungusha kirungu chako, kikaniua. Mnapanga vizuri, familia nzima mafundi!"

"Wewe ndiye uliyekuwa unapigana viwiko badala ya kushika breki! Wenzako wamenieleza!"

"Usinipigie tena."

Simu ikakatwa. Spana aliitazama, akaitupa kwenye ndoo ya makapi ya chuma, halafu akaenda kuitafuta humo humo, vidole vikakatwakatwa.

Mfupa ulipoanza kushika, Kimbunga alikuja karakana. Mkono mmoja kwenye plasta, mwingine umeshika nondo, na nyuma yake rafiki wawili. Hakusalimia. Nondo ya kwanza ilishuka juu ya meza, kiatu kipya ambacho Spana alikuwa anakichonga kikapasuka vipande.

"Hiyo ni kazi yangu ya usiku na mchana!" Spana akapiga yowe.

"Na hili ni bega langu la maisha!"

Rafiki mmoja akavunja dirisha, mwingine akapindua pipa la mafuta. Spana akarusha tupa, ikamchana yule wa dirisha sikio. Nyundo aliyesikia kishindo akaingia akiburuta mguu, akamnyanyua mmoja akamtupa nje, akampiga mwingine kichwa cha pua mpaka akakimbia mwenyewe. Akabaki na Kimbunga. Alimpokonya nondo, akaukunja ule mkono usio na plasta, akauingiza kwenye jiliwa, katikati ya meno ya chuma.

"Spana! Kaza!"

Mpini wa jiliwa ulikuwa mkononi mwa Spana. Na nisimpake asali: alikaza. Kiatu chake kilikuwa vipande sakafuni, akazungusha mpini, na meno yakaanza kuuma nyama.

"Legeza!" Kimbunga akalia. "Spana, legeza! Nakuomba, legeza!"

Spana akausimamisha mpini.

"Umesema nini?"

"Legeza, unavunja vidole!"

"Kule kwenye mteremko, lori lilipotoka, ulizungusha wapi?"

"Spana, mkono wangu!"

"Nijibu! Wapi?"

"Legeza! Nilizungusha legeza! Nilitaka kupunguza mwendo, ungetaka nizungushe wapi?"

Spana alirudisha mpini. Jiliwa ikafunguka, mkono ukaponyoka, Kimbunga akaanguka akaukumbatia.

"Jiliwa ikilegezwa, mkono unatoka," Spana alisema taratibu, kama anayejifundisha mwenyewe. "Waya ukilegezwa, gurudumu je?"

Kimbunga aliitazama jiliwa iliyo wazi. Akautazama mkono wake.

"Linatoka mbio," alisema mwishowe.

"Na niliposema kaza…"

"Nilidhani mwendo."

"Niliposema kaza nilimaanisha waya, ewe punguani! Waya!"

"Sasa ungesema waya!"

"Na wewe uliposema moshi?"

"Moshi wa mbio!"

Nyundo aliwatazama mmoja baada ya mwingine, ngumi bado iko juu, haina pa kushukia. "Kwa hiyo," akasema, "hakuna mtu wa kumpiga?"

Maji ya beseni yakawamwagikia wote watatu. Mama alikuwa mlangoni, beseni tupu mkononi.

"Wapo," alisema. "Wote. Lakini kwanza mfagie. Na wewe kijana, lete huo mkono niufunge kabla hujaipaka damu nyumba yangu yote."

Alimfunga kwa kitambaa cha gunia, hakumwonea huruma, na Kimbunga alipotoka hakuna aliyemwambia kwa heri. Spana alikaa sakafuni akiokota vipande vya kiatu. Maneno yake mwenyewe ndiyo yaliyomwangusha mtu pale pale alipoanguka kaka yake. Hilo hakuna beseni la maji lingeliosha.

Plasta ilipotolewa, simu ya Kimbunga ililia.

"Njoo kwenye tangi la maji," Spana alisema. "Njoo na miguu. Viatu ninavyo."

Alimkuta juu ya mteremko, hana ovaroli: gauni la kijani, kitambaa kile kile chekundu, viatu vya magurudumu mapajani. Chini kabisa ya mteremko, katikati ya barabara, Nyundo alisimama mikono kifuani, goti bovu mbele.

"Yule anafanya nini pale?"

"Amesema viatu vyangu havina kazi mpaka vikusimamishe mbele yake. Ukishindwa, mtavunjika wote."

"Na wewe umekubali?"

"Nimevitengeneza mimi."

Kimbunga aliketi, akapeleka mkono kwenye kirungu. Maneno ya zamani yalikuwa yamesagwa kwa tupa. Upande mmoja palichongwa MBIO. Upande wa pili, herufi zimechimbwa kwa kina zaidi: POLE.

Alilipapasa neno hilo kwa kidole chenye kovu la jiliwa.

"Hii pole ni ya mwendo, au unanipa mimi?"

"Ya mwendo."

Upepo ukachezea gauni.

"Na yako," alisema Spana. "Ya bega, na ya mkono. Shuka kabla sijabadili mawazo."

Alishuka. Alishuka kwa kasi ile ile iliyompeleka kwenye mbao, kona ikapita, kichochoro kikapita, Nyundo akazidi kuwa mkubwa na hakusogea hata unywele. Kimbunga akainama, akazungusha POLE. Magurudumu yakauma, breki ikakwaruza, moshi mweusi ukapanda. Alisimama ncha ya kiatu chake ikigusa kiatu cha Nyundo.

"Shemeji," alisema akihema, "nimekuja kuposa."

Nyundo alimpiga ngumi moja ya pua. Siyo kubwa.

"Hiyo ilikuwa imebaki."

Kimbunga alifuta damu kwa mkono wa shati. Ngumi yake ilikuwa imeshakunjwa, akaitazama, akaifungua. "Na posa?"

Nyundo alitazama juu ya mteremko, dada yake anakuja mbio, gauni limekamatwa kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeinua spana.

"Pole," alimjibu, na kwa mara ya kwanza akacheka, pengo la jino wazi. "Pole sana, ndugu yangu. Hujui unachooa."